Mstari wa Mwisho wa Kadi: Watoto, Karamu na Maandiko ya Adabu

Kadi ya mwaliko wa harusi haihesabiwi na wahakiki kuwa ni kazi ya fasihi, nasi hatudai kuwa ni kazi kubwa. Hata hivyo ina muundo wake, ina msemaji na msemeshwa, mara nyingi ina vina, na ina bahati ambayo washairi wetu wengi hawana: husomwa na kila anayeipokea. Katika kadi za bara, na siku hizi hata za mjini Unguja kwetu, uko mstari mdogo unaowekwa chini kabisa, baada ya jina la ukumbi na saa ya kuanza, unaosema kwamba watoto hawaruhusiwi. Makala haya yanauchukua mstari huo na kuuweka kando ya maandiko yetu ya zamani juu ya adabu ya kukaa na watu, ili tuone umetoka wapi na unamwondoa nani.

Kadi inayotushughulisha ilipelekwa Mlali, wilaya ya Kongwa, kwa watu ambao jamaa zao wanaishi Dodoma mjini. Imeandikwa ya watu wawili, yaani Bwana na Bibi. Nyumba iliyoipokea ina watoto wanne, na mdogo wao hajafika miaka minne. Safari ya kutoka Mlali kwenda kukaa ukumbini mpaka usiku wa manane haiwi ya kwenda na kurudi siku ile ile. Kwa hiyo mstari ule mdogo hautoi habari ya ukumbi peke yake. Unaipanga nyumba nzima upya: nani aende, nani abaki na wana, bibi aombwe kwa maneno gani, na mume akifika peke yake aseme nini atakapoulizwa.

Tuwatendee haki walioandika. Chakula cha ukumbini huhesabiwa kwa vichwa, na kamati iliyokusanya michango kwa miezi kadhaa haiwezi kulisha watu ambao haikuwahesabu. Hotuba ni ndefu, muziki ni mkubwa, keki inakatwa saa ambayo mtoto wa miaka mitatu amekwisha kulala begani au amekwisha kuanza kulia. Wako pia akina mama wanaoupenda mstari huo kwa siri, kwa kuwa ndio usiku mmoja kwa mwaka ambao hawatafuti choo cha mtoto gizani. Hoja hizi zote ni za kweli. Tunachouliza ni iwapo lugha ya kadi inazieleza. Haizielezi. Haisemi kwamba usiku ni mrefu, wala kwamba nafasi ni chache. Inasema hawaruhusiwi, neno la polisi na la getini, na kulitumia kwa jamaa wa damu ni jambo ambalo mwandishi wa adabu wa zamani angelistaajabia.

Chukua Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, na ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, na kurasa zake juu ya chakula cha nyumbani kwa baba yake, Sayyid Said bin Sultan, ni miongoni mwa zilizo bora kabisa katika kitabu hicho. Nyumba ile, kwa kukisia kwake mwenyewe, ilikuwa na watu wapatao elfu moja. Karamu yake ya kila siku ilikuwa rasmi kuliko harusi yoyote ya leo: baba juu, watoto wamefuatana kwa umri, wakubwa karibu naye na wadogo mwisho. Wachanga hawakukubaliwa mpaka wafikie umri uliowekwa. Basi hata Mtoni palikuwa na katazo. Tofauti ni kwamba lilikuwa na mwisho wake. Mtoto alijua kuwa siku yake itafika, na kwamba akifika ataanzia mwisho wa safu na kusogea kadiri anavyokua. Mahali alipokaa ndipo palipomfundisha.

Lakini hapo hapo pana jambo ambalo wasomaji wa kurasa hizo hulipita haraka. Masuria hawakula na Sultani. Mama yake Salme, Jilfidan, aliyekuwa Mcherkesi, alikuwa suria. Kwa hiyo binti aliketi pale ambapo mama yake mzazi hakuketi. Salme analitaja jambo hili kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kawaida ya mahali, na utulivu wake ndio unaotufanya tusimame. Safu iliyompandisha mtoto hatua kwa hatua ndiyo iliyomwacha mama nje bila hatua yoyote. Hatuwezi kuisifu meza ya Mtoni kwa jambo la kwanza tukanyamaza juu ya la pili.

Inafaa pia kukumbuka sababu aliyoitoa Salme ya kuandika. Anasema alianza kwa ajili ya watoto wake, waliokuwa wakikua Ujerumani bila ya kujua mengi juu ya asili yake. Mumewe alikuwa amekwisha kufa mwaka 1870. Alikuwa ugenini na wana watatu, na alichoweza kuwapa ni kuwaketisha, kwa maandishi, kwenye chakula cha babu yao ambacho hawakukiwahi. Kwa maoni yetu kitabu chake kinasomeka vizuri zaidi kikichukuliwa hivyo kuliko kikichukuliwa kama siri za majumba ya wafalme, ambavyo ndivyo wachapishaji wengi wamependa kukiuza.

Mwana Kupona binti Msham anakwenda njia nyingine. Utenzi wake, uliotungwa mwaka 1858, unaanza kwa kumwita binti akae karibu na mama, achukue wino na karatasi. Kila funzo linalofuata, juu ya dini, ulimi, wageni na mume, linatolewa katika ukaribu huo. Wahakiki wa miaka ya karibuni wamegombana sana juu ya sehemu ya mume, nao wana haki ya kugombana. Lakini mgogoro huo umeifunika hali ya usemaji yenyewe: adabu ya kukutana na watu hufundishwa na mtu aliyeketi na mwanafunzi wake. Na yeye pia ana ukuta wake, kwa kuwa anamwonya binti asijichanganye na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Shaaban Robert, katika Utenzi wa Hati alioutungia binti yake na Utenzi wa Adili alioutungia mwanawe, ameufuata mlango huo huo wa mzazi anayemsemesha mtoto uso kwa uso. Siku hizi utenzi wa namna hii hughaniwa kwenye harusi za ukumbini. Mghani husimama mbele ya kipaza sauti, huwausia wana namna ya kuwakabili wakubwa, na ukumbi mzima hauna mwana hata mmoja.

Huko Mlali, ambako Wagogo na Wakaguru wanakutana, watu hawajaandika tenzi hizi, na chakula chao cha wageni hakina meza. Lakini mtoto ana kazi katika chakula hicho. Ndiye anayekuja na maji ya kunawa, akapiga goti, akamwagia mkubwa mmoja mmoja, akangoja. Anaiona mikono ya wageni wote kabla hajaonja kitu. Anajua nani mzee kuliko nani kwa kuwa ameambiwa aanzie wapi. Kisha anakwenda kwa mama na wenzake, kwenye ugali wa uwele au wa mtama na mlenda, na kama kuku amechinjwa, anangojea kitakachorudi. Tusipambe: kinachorudi ni kidogo, na mapaja yamekwisha kuliwa na wanaume. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone inawahusu watoto zaidi ya watu wote, kwani mara nyingi ndio wanaopona kwa mchuzi tu. Hata hivyo mtoto huyu yumo ndani ya karamu. Na inapopigwa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, yumo tena, ama mgongoni ama pembeni ya duara, na hakuna anayemwuliza kadi.

Iko njia ya pili ambayo desturi ya kuwatenga watoto ilifika Kongwa, nayo ni ya baharini. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na Kongwa ikawa makao yake ya kwanza. Kufikia mwaka 1951 mpango huo ulikuwa umeanguka. Wataalamu na wake zao na watoto wao waliletwa kwa meli za abiria, na katika meli za aina hiyo chakula cha jioni cha daraja la juu kilikuwa tamasha la mavazi. Watoto walilishwa mapema, mahali pao, chini ya mlezi, na wakubwa wakaingia baadaye ukumbini bila wao. Nchi kavu mpishi na yaya wa Kiafrika waliendeleza ratiba ile ile: mtoto ale, aogeshwe, alale, ndipo wageni waje. Hatusemi kwamba kadi za Dodoma zimenakiliwa kutoka Kongwa ya karanga. Tunasema kwamba wazo la karamu inayokamilika kwa kutokuwapo kwa watoto si wazo ambalo babu zetu wa pwani wala wa bara waliliandika. Ajabu ni kwamba meli zenyewe zimekwisha kubadilika. Hizi za kitalii zinazotia nanga mbele ya Malindi zinanadi safari kwa familia nzima, na ubishi wa abiria wake ni iwapo mtoto mdogo aletwe katika chakula rasmi au aachwe na walezi wa melini. Wao wanaujadili mlango ambao sisi ndiyo kwanza tunaufunga.

Tumekawia kufika kwenye jambo lililotufanya tuichague Mlali badala ya mji wowote mwingine. Mlali ina kituo cha Wakapuchini kinachowahudumia watoto wenye ulemavu wa viungo. Huko hunyooshwa miguu, hufungwa vyuma, na mtoto hufundishwa kutembea. Sasa, desturi ya kumweka mtoto wa namna hiyo chumba cha ndani wageni wanapofika inajulikana bara na Visiwani, na hakuna kadi iliyowahi kuiandika. Kwa mtoto mwingine, mstari wa mwisho wa kadi ni katazo la miaka michache, atakua na atavuka. Kwa huyu, kauli ya bado hajawa tayari huanza akiwa na miaka mitatu na bado inasemwa akiwa na ishirini. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006 na Tanzania Bara mwaka 2010, lakini sheria hizo haziingii katika orodha ya wageni, ambayo hutengenezwa sebuleni na watu wanaopendana.

Hapa ndipo neno hawaruhusiwi linapofanya kazi ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Mzazi anayeona haya kumtoa mtoto wake hadharani hahitaji tena kutafuta kisingizio, kwa kuwa kadi imempa. Watoto wote wamekatazwa, basi na wangu amekatazwa. Ndugu zake wanalalamika, wanalia, wanaahidiwa safari nyingine, na mwakani wanakwenda. Yeye hakulalamika, kwani amezoea. Mtoto anayeweza kutembea kwa vyuma vyake kutoka kituoni mpaka kanisani, au mpaka msikitini kwao, hana mahali popote pa kujifunzia kuwamwagia wageni maji. Fasihi yetu ya malezi, kuanzia Siu na Lamu mpaka Tanga, haina beti zinazomhusu. Ameachwa nje ya utenzi kama alivyoachwa nje ya sebule, na washairi wa leo, ambao baadhi yao huchapishwa katika kurasa hizi hizi, hawajalijaza pengo hilo.

Hatupendekezi kila mtoto apelekwe kila ukumbi. Mtoto anayesinzia katikati ya hotuba ya mjumbe wa kamati hana anachojifunza isipokuwa hotuba ni mbaya, nalo atalijua kwa wakati wake. Lakini kinachowatoa watoto zaidi ya kitu kingine chochote ni saa, na saa ni jambo la kuchagua. Maulidi ya harusi hapa Unguja yanayosomwa baada ya alasiri humalizika watoto wakiwa macho, na kadi zake hazina mstari wa chini. Watoto hupewa sinia lao, wanne au watano kwa moja, karibu ya kutosha kusikia wakigombezwa. Mkubwa wao hupewa birika na bakuli la kunawia, na akimwaga maji juu ya kanzu ya mtu, mtu huyo hufuta kanzu yake.