Uso wa Herufi: Kutoka Lamu hadi Bariadi

Wapo wasemao kwamba herufi haina moyo. Kwamba hisia zimo katika maneno, na umbo la herufi ni chombo tu cha kuyabebea. Atazamaye miswada ya Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, hatakubali upesi. Kijuma alikuwa mshairi, mchonga mbao na mnakili. Tenzi alizowanakilia wataalamu kama Alice Werner na Ernst Dammann kwa hati za Kiarabu zinaonyesha mkono uliozoea patasi kama ulivyozoea kalamu. Msomaji humwona mtu kabla hajalisoma neno.

Hoja hiyo, hata hivyo, haina budi kupimwa mbali na pwani: Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, katika nchi ya pamba na ng'ombe. Huko nako kanga husema. Maneno ya kanga yalipoanza kuchapwa yaliandikwa kwa hati za Kiarabu. Baadaye zikaja herufi za Kirumi, nazo kwa kawaida ni kubwa tupu, zimesimama wima kama askari kwenye gwaride. ASANTE YA PUNDA NI MATEKE huvaa umbo lile lile la SUBIRA NI UFUNGUO WA FARAJA. Kejeli na liwazo zina uso mmoja.

Je, huo ni umaskini wa chapa? La. Fumbo huhitaji uso mkavu. Herufi ingejipinda kwa kicheko, mlengwa angejua mara moja kuwa anachekwa, na mvaaji asingepata pa kujifichia. Kwa kuwa herufi imenyamaza, hisia huletwa na mvaaji: siku aliyoichagua kanga, mlango aliopita mbele yake, mtu aliyempa kisogo. Kwa hiyo wachapaji wanaotia mapambo ya kompyuta katika jina la kanga, wakidhani wanaliongezea uhai, wanalipunguzia makali.

Kisukuma kinaongeza funzo jingine. Ng'wana, yaani mtoto, na Ng'hoboko, kata ya Meatu, hutegemea alama ndogo kuliko zote: ritifaa. Aiondoaye kwenye bango au cheti hakuharibu pambo. Ameondoa sauti ya puani, na mwenye jina huitwa kwa jina lisilo lake. Hapo haiba ya mtu imo katika nukta moja ya wino, wala si katika unene wa herufi.

Basi uzuri wa herufi usipimwe kwa madaha. Kijuma aliipa nakshi kwa sababu utenzi uliitaka. Kanga huivua nakshi kwa sababu fumbo limekataa. Kisukuma hudai ritifaa kwa sababu jina ni la mtu. Herufi njema ni ile inayojua lini iseme, lini inyamaze, na kamwe haimpotezi mwenyewe.