Shahidi na Mfiadini: Juu ya Somo la Bure la Agano Jipya

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilianza kuweka baadhi ya masomo yake kwenye intaneti bila malipo. Miongoni mwake limo somo la Dale B. Martin juu ya historia na fasihi ya Agano Jipya, mihadhara 26 iliyorekodiwa mwaka 2009. Halidai karo, wala halitoi hati. Maneno ya mihadhara yamewekwa pia kwa maandishi, nayo ni neema kwa msomaji ambaye mtandao wake haubebi picha.

Ubora wa somo hili ni kwamba linalichukua Agano Jipya kama mkusanyo wa hati za kihistoria, si kama maandiko yenye mamlaka juu ya msomaji. Upungufu wake, ambao si wa mwalimu, ni kwamba aliye mbali hana wa kumwuliza. Anaweza kusikiliza mihadhara yote na bado akabaki na hoja ile ya zamani: mitume walikubali kuuawa, hakuna afiaye uwongo anaoujua, basi walilosema ni kweli.

Kiswahili chenyewe chaweza kumsaidia. Neno shahidi, lililotoka Kiarabu, humtaja aliyeona jambo akalieleza, na pia aliyeuawa kwa ajili ya dini. Mfiadini humtaja huyu wa pili tu. Hoja ile huvuka kimyakimya kutoka kwa mfiadini hadi kwa shahidi wa barazani. Kifo chaweza kuonyesha kwamba mtu aliamini. Hakionyeshi kwamba aliona.

Tena hata unyofu wa imani haupimiki kila mara. Plinius, gavana wa Bithynia, alimwandikia Kaisari Trajanus mnamo mwaka 112 kwamba aliwauliza washtakiwa hadi mara tatu, huku akiwatisha, na kwamba waliomkana Kristo aliwaachilia. Aliyekufa pale alikuwa amechagua. Lakini Tacitus, asimuliapo mateso ya Roma baada ya moto wa mwaka 64, hasemi kwamba kukana kungemwokoa mtu. Matendo ya Mitume nayo yaeleza kuuawa kwa Yakobo, nduguye Yohane, kwa mstari mmoja, bila kutaja aliulizwa nini. Ambaye hakufunguliwa mlango, unyofu wake haupimwi kwa kutotoka.

Nchini Kongo, Isidore Bakanja alifunguliwa mlango huo: aivue skapulari yake. Hakuivua, akapigwa mijeledi, akafa mwaka 1909, na Kanisa likamtangaza mwenye heri mwaka 1994. Kati ya kipigo na kifo aliishi miezi kadhaa na majeraha yake, akaeleza kwa kinywa chake nani alimpiga na kwa sababu gani. Kwake maana zote mbili za neno shahidi zilikutana, na habari aliyoitoa ilikuwa ya jambo lililompata mwilini.