Umeuona au Umemwona?

Mwezi Juni, wakati baridi ya Ufipa imekaza na mahindi yanavunwa, mjukuu wangu alikuja likizo hapa Kaengesa akiwa na kompyuta yake, na ndani yake filamu moja ambayo alisema sina budi kuiona. Tuliitazama kwa siku mbili, maana usiku wa kwanza umeme ulikatika tukiwa katikati. Inaitwa Ariel Phenomenon, ni kazi ya Mmarekani Randall Nickerson, nayo ilitolewa mwaka 2022. Inahusu watoto wa shule ya Ariel huko Ruwa, karibu na Harare, Zimbabwe. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 16 Septemba 1994, wakati wa mapumziko, watoto hao walisema wameona chombo chenye kung'aa kimetua vichakani nje ya uwanja wao, na karibu nacho kiumbe mmoja au zaidi, wenye nguo nyeusi na macho makubwa kupita kiasi. Waliosema wameona walikuwa 62 hivi, wa umri wa miaka 6 hadi 12. Walimu wote walikuwa mkutanoni.

Filamu ilipokwisha kijana akanigeukia. "Babu, wewe umekaa na watoto miaka 38. Hawa ni waongo?"

Nikamjibu pale pale kwamba si waongo. Akafurahi, akadhani tumekubaliana. La hasha. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, nimweleze yeye, nawe msomaji wangu, jinsi mwalimu mkuu mstaafu anavyoweza kuwaamini watoto 62 na bado asikiamini kile chombo.

Kwanza niitendee filamu haki. Imetengenezwa kwa huruma. Wale watoto sasa ni watu wazima, na ukiwasikiliza unaona kwamba kutosadikiwa kumewaumiza kwa muda mrefu. Mwalimu yeyote aliyewahi kumwambia mtoto "acha upuuzi, rudi darasani" atajisikia vibaya kuitazama. Lakini mtengenezaji, kwa maoni yangu, amechukua machozi akayafanya ushahidi. Machozi ya mtu mzima yanathibitisha kwamba jambo fulani lilimpata utotoni. Hayawezi kutuambia jambo lenyewe lilikuwa nini.

Swali langu lilikuwa jingine kabisa, swali la kikazi: nani aliwahoji, lini, na kwa utaratibu gani? Hapo ndipo nilipoanza kukunja uso. Usiku wa Jumatano, siku mbili kabla ya tukio, roketi ya Kirusi iliyokuwa ikirudi duniani iliungua angani juu ya kusini mwa Afrika, watu wengi wakaona moto ukipita, na habari za vyombo vya ajabu zikaenea nchini kote. Tukio likatokea Ijumaa. Watoto wakaenda nyumbani wakakaa Jumamosi na Jumapili na wazazi, ndugu na majirani. Jumanne tarehe 20 ndipo alipofika Bi. Cynthia Hind, mtafiti wa mambo hayo ambaye alikuwa ameyaamini siku nyingi. Kabla hajafika aliomba watoto wachore walichokiona. Kisha akawahoji kwa vikundi, wengine wakisikiliza. Baada ya miezi miwili hivi akaja Profesa John Mack wa Chuo Kikuu cha Harvard, daktari wa magonjwa ya akili, mtu mwenye sifa kubwa, ambaye mwaka huohuo alikuwa amechapisha kitabu kuhusu watu wanaodai kuchukuliwa na viumbe wa anga. Ni hasa katika mahojiano ya Mack tunaposikia watoto wakisema kwamba viumbe wale waliwapa ujumbe, bila kufumbua kinywa, kuhusu wanadamu wanavyoiharibu dunia.

Wapo wanaosema kwamba michoro inafanana, kwa hiyo ni kweli. Ndugu yangu, wape darasa la tano kazi ya kuchora baada ya siku nne za mazungumzo, halafu uniambie kama michoro haitafanana! Wala haikufanana yote. Tena Bi. Hind mwenyewe alieleza kwamba baadhi ya watoto waliogopa wakidhani wale ni tokoloshe, vijitu vya hadithi za huko kusini, kwamba watawala. Kwangu hilo ni neno la thamani kuliko michoro yote. Mtoto mmoja anaangalia kichakani anaona tokoloshe. Mwingine, aliyekwisha kuona visahani virukavyo kwenye televisheni, anaona mgeni wa anga. Huenda kulikuwa na kitu kimoja mbele yao. Kilichoingia machoni kilikuwa kimoja, majina mawili yakatoka.

Haya siyasemi kutoka kitini kwa jaji. Nayasema kutoka kizimbani.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja yenye bweni, ambayo sitaitaja kwa kuwa waliokuwa wanafunzi wake wengine ni bibi na babu za watu sasa. Usiku mmoja wasichana walitoka bwenini wakipiga mayowe. Asubuhi nilifanya nilichodhani ndicho kitendo cha kiongozi: nikawakusanya wote chini ya mikaratusi, nikauliza kwa sauti, "Nani ameona kitu dirishani?" Mikono minne. Nikauliza, "Alikuwa mrefu?" Angalieni swali lenyewe: tayari nimekwisha kukifanya kitu kuwa mtu. Wakasema ndiyo, mrefu. "Mrefu kama nani?" Kimya, kisha mmoja akasema, kama mlinzi. Nikauliza nani mwingine ameona. Sasa mikono ikawa zaidi ya 30, na wengine walikuwa wa bweni la pili, ambalo madirisha yake yanatazama upande mwingine kabisa. Wala hawakuwa wanadanganya. Niliwatazama machoni, walikuwa wanatetemeka.

Mlinzi wetu alikuwa mzee mmoja asiye na mtoto. Kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. Usiku nyumba yake ya nyasi ikachomwa. Alfajiri yeye na mkewe waliondoka kuelekea bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, mama wa watu amebeba mkeka na sufuria kichwani. Nilisimama mlangoni kwangu nikawaona wanapita. Yule mzee alinisalimia, "Shikamoo, Mwalimu," yeye aliyekuwa na umri wa baba yangu. Sikuitika.

Wiki mbili baadaye matroni aliniletea daftari lake la zamu. Alikuwa mwanamke makini. Usiku ule ule, kabla ya mimi kuamka, alikuwa ameandika maneno ya msichana wa kwanza kupiga kelele. Yalikuwa maneno matatu tu: "Nimeona mwanga dirishani."

Msomaji ajuaye Kiswahili ameshaelewa. Mwanga ni nuru. Na mwanga ni mchawi, yule wa usiku, ambaye wingi wake ni wanga, nao wamo hata katika jina la mji wetu wa Sumbawanga, ambao wazee husema maana yake ni tupa uchawi. Nusu ya bweni ilisikia nuru. Nusu ilisikia mchawi. Ningekuwa nimemwita yule mtoto peke yake, nikamkalisha, nikamwuliza swali moja la sarufi ya darasa la tatu, "Uliuona au ulimwona?", ningejua. Silabi moja tu. Nilipomwuliza baada ya wiki mbili alinijibu bila kusita, "Nilimwona, Mwalimu. Alikuwa na macho mekundu." Pengine alikuwa ameona tochi ya mlinzi anayefanya kazi niliyomwajiri aifanye. Sitajua kamwe, maana kufikia siku hiyo kumbukumbu yake ilikuwa imekwisha kuandikwa upya, na mwandishi wa kwanza ni mimi.

Ndiyo maana Ruwa inanisumbua. Mwaka 2023, katika filamu nyingine ya mfululizo, mmoja wa wanafunzi wa zamani alisema kwamba yeye ndiye aliyeanzisha habari ile, alionyesha jiwe linalong'aa akasema ni chombo. Wenzake wanamkana. Wasioamini wameyashangilia maneno yake kama ushindi. Mimi siyashangilii. Kumbukumbu ya mtu huyo nayo ina umri wa miaka 29, imepita mikononi mwa watu wengi kama za wenzake. Tukikataa ushuhuda uliochelewa tusichague ule unaotupendeza.

Nyumbani nako tumeyaona. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu enzi za chama kimoja, hofu ya Popobawa ilizuka Pemba, ikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Watu walikuwa wakilala nje kwa makundi. Walioeleza kuvamiwa walisema waliamka wakiwa wamekandamizwa kifuani, hawawezi kusogea wala kupiga kelele. Wataalamu wa usingizi wanaijua hali hiyo: ubongo umeamka kabla ya misuli, na mtu huhisi kuna kiumbe chumbani. Wamarekani wengi wanaosimulia kubebwa na viumbe wa sayari nyingine kitandani mwao wanaeleza hali hiyohiyo. Sisi tuna neno lake siku zote, jinamizi, na sioni kwa nini tuazime sayari. Lakini katika habari za Popobawa kulikuwa na kipengele ambacho mhakiki lazima akitazame kwa makini: ilisemekana kwamba humwamuru aliyevamiwa akawaeleze wenzake, asipofanya hivyo atamrudia. Hadithi inayobeba ndani yake amri ya kusimuliwa haihitaji kuwa ya kweli ili ienee. Na huko pia kuna waliopigwa, na aliyeuawa, kwa kushukiwa tu.

Mjukuu wangu akasema, basi Babu, kwako hakuna ushuhuda utakaotosha. Upo. Hata wasomi wa Ulaya waliwahi kuwacheka wakulima waliosema mawe yanaanguka kutoka mbinguni. Mwezi Aprili 1803 mawe maelfu yalianguka karibu na mji wa L'Aigle, Ufaransa, na serikali ikamtuma kijana mmoja, Jean-Baptiste Biot, aende akachunguze. Alitembea kijiji kwa kijiji, akahoji watu wasiofahamiana, makasisi na wachungaji wa mifugo, akaona maneno yao yanakutana. Tena akakuta mawe ya aina isiyopatikana katika nchi ile. Wakulima walikuwa wamesema kweli. Ukitoka huku kwetu ukapita Laela na Tunduma utafika Mbozi, ambako kuna kimondo cha chuma cha takribani tani 16. Wenyeji walikijua tangu zamani, Mzungu aitwaye Nott akakitia katika maandishi mwaka 1930. Hicho hakuna aliyesimulia jinsi kilivyoanguka, ni cha maelfu ya miaka, lakini kipo, unaweza kukigonga kwa ngumi ukaumia. Hata sisi Wafipa tunasimulia kwamba Ntatakwa, mtu wa kwanza, alianguka kutoka mbinguni, na sijamwona mzee wa Milanzi akitafuta alama za miguu yake.

Usiku wa pili, tulipozima kompyuta, watoto wanne wa jirani walikuja mbio. "Mwalimu! Mwalimu! Angani kuna treni!" Tulitoka, mstari wa taa ulikuwa unafifia upande wa mashariki, nadhani ni zile setilaiti za mawasiliano zinazorushwa kwa mafungu tangu mwaka 2019. Sikuwaambia hivyo. Nilimpa mjukuu daftari, nikawaketisha watoto mbalimbali, mmoja jikoni, mmoja barazani, mmoja kwa bibi yao, mmoja chini ya mti, nikamwambia aulize kila mmoja, "Ilikuwaje?" na asiongeze neno.

Wa kwanza alihesabu taa 20. Wa pili alisema ni nyingi, na kwamba zilikuwa na mlio. Wa tatu alisema zilikuwa kimya kabisa. Wa nne, mdogo wao, alisema yeye hakuona kitu. Alikimbia kwa kuwa wenzake walikimbia. Mjukuu wangu alinitazama kama anayeuliza kama hilo nalo liandikwe. Nikamwambia aandike, na aweke saa.