Juu ya Istilahi "Kusomana" katika Utunzaji wa Kumbukumbu

Miongoni mwa semi zilizoenea sana katika ofisi za Tanzania siku hizi ni huu: "mifumo ya Serikali isomane". Tangu ilipotungwa Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019, haupiti mkutano wa watumishi wa umma bila usemi huu kutajwa. Makala haya yanakusudia kuupima usemi wenyewe, kwa kuwa ni istilahi tayari, ipende isipende.

Kwa umbo, neno halina ila. Kitenzi "soma" kimetiwa kiambishi cha kutendana, na msikilizaji wa kawaida hahitaji kufafanuliwa. Ni bora kuliko "mtangamano", neno ambalo limekwisha kushikwa na siasa za Afrika Mashariki. Kasoro yake iko katika maana. Kusoma si kufahamu. Mtoto wa chuoni huweza kusoma juzuu nzima kwa tajwidi safi asijue Kiarabu hata kidogo, na hakuna anayemlaumu, maana kufasiri ni darasa jingine. Mifumo miwili ya kompyuta nayo huweza kupokezana maandishi bila herufi kupotea, na bado mmoja usijue mwenziwe amesema nini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtumishi amefanya kazi katika wizara mbili, na sasa anastaafu. Mfumo wa kwanza umehifadhi "tarehe ya kuajiriwa" kwa maana ya siku aliyoripoti kazini; wa pili umehifadhi tarehe iyo hiyo kwa maana ya siku iliyoandikwa katika barua ya uteuzi. Mifumo imesomana barabara. Lakini hesabu ya miezi ya utumishi imekosewa, na mzee huyo atapanda na kushuka ngazi za ofisi akiulizwa vielelezo ambavyo Serikali yenyewe inavyo.

Wenzetu waliolikabili jambo hili mapema walianzia kwenye fasili. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha ISO 15489 mwaka 2001, likijenga juu ya kiwango cha Australia cha mwaka 1996, na likakirekebisha mwaka 2016. Marekani ilikuwa na kiwango cha Wizara ya Ulinzi, 5015.2, tangu 1997. Ulaya ilitoa MoReq mwaka 2001. Toleo liitwalo MoReq2010, lililotoka 2011, linataka kila kumbukumbu iwe na kitambulisho cha pekee kisichofanana na kingine popote, na kila mfumo uweze kuitoa kumbukumbu pamoja na maelezo yake yote katika umbo moja lililoafikiwa, ili mfumo mwingine uipokee na kuendelea nayo. Ukivisoma viwango hivi utaona kwamba sehemu kubwa ni kamusi: nini ni kumbukumbu, nini ni jalada, nani aliitunga, kwa shughuli gani.

Wala jambo hili si geni masjala. Barua ya Serikali hubeba "Kumb. Na." juu yake, na anayejibu huanza kwa kuirejea namba hiyo na tarehe yake. Kwa desturi hiyo ndogo, ofisi ya Songea na ya Bukoba zimefahamiana miaka mingi pasipo waya wala umeme. Wale wanaofasiri neno metadata kuwa "data kuhusu data", tafsiri isiyomfunza mtu kitu, wangefanya vyema kumwuliza karani wa masjala: namba ya jalada, folio, tarehe ya kupokelewa, aliyepelekewa.

Ugumu unaanza tunapotaka kuvifasiri viwango vyenyewe. Kiwango cha ISO hutofautisha andiko lolote na lile linalotunzwa kuwa ushahidi wa shughuli iliyotendeka. La kwanza wengi wetu tungeliita waraka, kwa wingi nyaraka. La pili, kumbukumbu. Lakini Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa imekwisha kulitumia neno "nyaraka" kwa kitu cha tatu, yaani kumbukumbu teule zinazohifadhiwa daima. Kenya husema "makavazi" kwa maana hiyo, na hapo wametushinda. Ningependekeza tulikubali makavazi, tuwaachie nyaraka maana yao ya kila siku. Jina la idara si lazima libadilike; istilahi ndani ya mifumo ndiyo haiwezi kubeba maana mbili.

Kosa la hatari zaidi ni "uteketezaji". Nimeliona likiwekwa kuwa tafsiri ya neno la Kiingereza ambalo katika viwango hivi lina maana pana mno. MoReq2010 huhesabu matokeo manne: kuhifadhi daima, kupitia upya, kuhamisha, na kuharibu. Kuharibu ni moja tu kati ya manne. Mfasiri akiandika "ratiba ya uteketezaji", na mtunga programu akamwamini, jalada la mgogoro wa ardhi lililopaswa kuhamishiwa makavazi litafutwa siku yake ikifika, na mfumo utakuwa umetii amri. Jalada la karatasi lililopangwa vibaya huweza kuonekana tena nyuma ya kabati. Lililofutwa namna hii haliokotwi. Neno "hatima" latosha: hatima ya kumbukumbu, ratiba ya hatima. Ni neno la zamani, linajulikana, na halimwelekezi mtu kwenye moto.

Kuhusu tarehe sina mengi, kwa kuwa ISO 8601 ya mwaka 1988 iliamua mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku, na uamuzi huo unaondoa shaka kati ya tarehe 3 Aprili na 4 Machi. Saa ndiyo yetu wenyewe. Mfumo huandika 08:30 pale karani anapoandika saa 2:30 asubuhi. Fomu za Kiswahili zinazojazwa kwa mkono na kuingizwa katika kompyuta baadaye hazina budi kutaja ni saa ipi inayotakiwa, na mahali pa kulitaja ni kwenye fomu yenyewe, kando ya nafasi ya kujaza.