Jambazi Ndani ya Nyumba: Riwaya na Filamu Mbili za Uhalifu za Uingereza

Wanafunzi wa fasihi tumezoea kuigawa kazi ya sanaa mafungu mawili: ile "bora", tunayoihakiki darasani, na ile "pendwa", tunayoisoma bwenini usiku na kuikana asubuhi. Riwaya za uhalifu ziko fungu la pili, na filamu zilizotokana nazo hazipewi hata nafasi hiyo. Makala haya yanapinga mgawanyo huo kwa kutumia kazi mbili za Uingereza.

Ya kwanza ni It Always Rains on Sunday, filamu ya mwaka 1947 iliyoongozwa na Robert Hamer kutokana na riwaya ya Arthur La Bern ya mwaka 1945. Ealing, kampuni iliyoitengeneza, inakumbukwa zaidi kwa vichekesho. La Bern naye hutajwa zaidi kwa sababu Hitchcock alitumia riwaya yake nyingine kutengeneza Frenzy (1972), filamu ambayo mwandishi aliilalamikia hadharani.

Kisa chenyewe ni chepesi. Tommy Swann, mtoro wa gereza la Dartmoor, anakimbilia kwa Rose, mpenzi wake wa zamani, katika mtaa wa makabwela wa Bethnal Green, mashariki mwa London. Rose sasa ni mke wa George, mtu mzima aliyekuja na mabinti wawili wakubwa. Nyumba ni finyu, chakula ni cha mgawo. Rose anapika na kugombana na watoto wa kambo huku mwanamume kajificha chumbani.

Hebu tujiulize: uhalifu una kazi gani hapa? Polisi wanamsaka Tommy, ndiyo, lakini taharuki hasa iko ngazini: nani atapanda, nani atafungua mlango? Kuingia kwa jambazi kunafichua yaliyokuwamo siku zote, yaani ndoa iliyofungwa kwa ajili ya usalama, mapenzi yakiwa kando. Tazama tukio la pete. Rose anampa Tommy pete akaiuze. Ni pete ileile aliyompa yeye zamani, lakini Tommy haitambui. Anawaza bei tu. Hakuna kilio wala hotuba, na dhamira yote imo humo. Kama huu si uhalisia tunaousifu darasani, basi ni nini?

Kazi ya pili ni Get Carter (1971) ya Mike Hodges, iliyotokana na Jack's Return Home (1970) ya Ted Lewis. Filamu ilikuja kupata heshima. Riwaya ikabaki nyuma. Jack Carter, jambazi wa London, anarudi kwao kaskazini kuchunguza kifo cha ndugu yake, Frank. Katika riwaya msimulizi ni Jack mwenyewe, nasi tunapata kumbukumbu za utoto wao. Hodges aliiondoa sauti hiyo na kukihamishia kisa Newcastle. Wapo watakaosema eti ameiharibu riwaya. Sikubaliani nao. Sauti ilipoondoka, mandhari yalichukua kazi ya msimulizi: nyumba zilizobanana, jengo la maegesho la Gateshead (lililobomolewa mwaka 2010), ufuko uliochafuliwa na taka za machimbo ya makaa ya mawe. Kilichopungua ni mapenzi ya ndugu wawili, na hayo sharti mtu ayafuate kitabuni.

Kasoro zipo. Hamer anamrudisha Rose kwa mumewe baada ya kujaribu kujiua kwa gesi, kana kwamba msamaha wa George umemaliza kila kitu, wakati nyumba ni ileile na kazi ni zilezile. Kwa Hodges, wanawake karibu wote ni vyombo vya kutumiwa na wanaume. Lakini kasoro hizi tunaziona pale tu tunapozihakiki kazi hizi kwa vipimo vilevile tunavyotumia kwa nyingine. Anayezidharau bila kuzisoma hajafanya uhakiki. Amefuata mkumbo tu.