Soma Mkato Kabla ya Kusifu Kabati

Ukienda Keko, Dar es Salaam, kununua kabati, muuzaji atakufungulia milango ya mbele ili uone vanishi inavyong'aa. Mwache amalize, kisha mwombe alisogeze kabati kutoka ukutani. Kule nyuma, msasa ulikopita kwa haraka na vanishi ikapakwa mara moja tu, ndiko msumeno ulikoacha sahihi yake. Pitisha kidole ukingoni, taratibu usije ukachomwa na kibanzi. Utajua kama bledi ilikuwa kali au butu, na kama mkono wa fundi ulitulia au uliyumba.

Mafundi wengi siku hizi wana msumeno mdogo wa mviringo, ule unaoshikika kwa mkono mmoja, wenye bledi ya milimita 85 hadi 140 hivi. Ni mwepesi, unaingia hata jikoni kwa mteja, na udogo wake ndio unaowafanya watu waudharau. Lakini piga hesabu: bledi ya milimita 115 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda karibu kilomita 87 kwa saa. Huo ni mwendo wa basi la mikoani kwenye lami. Kwa hiyo anayejua kusoma mkato husoma mambo mawili kwa pamoja, ubora wa kazi na usalama wa aliyeifanya, maana mkato mbaya na ajali ni watoto wa mama mmoja.

Alama tatu za ukingoni

Ya kwanza ni weusi. Michirizi ya kahawia inayonuka moshi inasema bledi ilikuwa butu au ilibanwa. Ubao ukilazwa juu ya viti viwili na kukatwa katikati, hubonyea, mkato ukajifunga na kuing'ang'ania bledi. Hapo msumeno unaweza kuruka kinyumenyume kumfuata aliyeushika. Weusi ule basi ni ajali iliyobisha hodi ikaondoka. Fundi mzuri huegemeza ubao wote, huacha kipande cha kuanguka kiwe huru, na husimama kando ya mstari wa mkato, si nyuma yake.

Ya pili ni vibanzi. Bledi ya msumeno wa mkononi hukata ikipanda kutoka chini, kwa hiyo uso wa juu ndio unaochanika. Ndiyo maana seremala makini hulaza uso mzuri wa plaiwudi chini, na mstari wa juu akaubandika utepe wa karatasi wenye gundi. Hurekebisha pia kina, meno yachungulie chini ya ubao kwa kiasi cha jino moja. Anayeachia bledi yote itokeze huchana zaidi, na huacha meno yakizunguka wazi yakisubiri waya, goti au kidole.

Ya tatu ni unyoofu. Chukua vipande viwili vilivyotokana na mkato mmoja, pindua kimoja chini juu, vikutanishe na uvitazame dhidi ya mwanga. Kosa lolote la pembe litaonekana mara mbili ya ukubwa wake. Mkato mzuri hauachii mwanga.

Kila kitu na bledi yake

Paini ya shamba la miti la Sao Hill ni laini na husamehe mengi. Ukipasua kwa urefu, meno machache yenye nafasi pana hutoa vumbi vizuri. Ukikata kukingama nyuzi, meno mengi ndiyo yanayoacha ukingo safi. Mninga hukatika kwa utamu, ila vumbi lake huwasha pua na kifua. Msaji una chembe za silika zinazomaliza makali upesi. Mvule nao huficha mawe: niliwahi kupasua ubao wa mvule, mlio wa bledi ukabadilika ghafla kutoka mvumo hadi mkwaruzo. Nilizima, nikachomoa plagi, nikakuta donge jeupe la chokaa katikati ya mti na meno mawili yamevunjika ncha. Tangu siku hiyo nakata kwa sikio pia.

Ubao wa MDF uliokatwa vizuri hufanana na kipande cha sabuni, laini bila manyoya. Vumbi lake ni laini mno na gundi yake ina fomaldehaidi, kwa hiyo barakoa ya kweli inahitajika, leso haitoshi. Alumini inataka bledi iliyotengenezwa kwa ajili yake, nta kidogo kwenye meno, na klempu mbili. Ukingo wake mzuri hung'aa na hauna ncha za kukata mkono. Vigae hukatwa kwa bledi ya almasi isiyo na meno, kwa msumeno ambao mtengenezaji ameruhusu kazi hiyo. Maji hutuliza vumbi la silika linaloharibu mapafu, lakini tumia maji pale tu mashine ilipoundwa kwa maji. Miwani, vaa kwa kazi zote hizi.

Kosa la mtaani

Liko jambo moja ambalo sina msamaha nalo: bledi ya meno ya mbao kufungwa kwenye grenda. Grenda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na haina sahani ya kuegemea ubao wala kinga ya kufunika meno. Jino likinasa, hakuna mkono unaoizuia. Kila bledi imeandikwa kasi yake ya mwisho na mshale wa mzunguko; asiyesoma maandishi hayo hajaanza kazi bado.

Kabla ya kununua msumeno

Ukiwa dukani, umeme ukiwa haujaunganishwa, nyanyua kinga ya chini kisha iachie. Irudi yenyewe kwa mkupuo. Ikivivia, rudisha mashine. Tikisa bledi kwa vidole kuelekea kushoto na kulia. Ikicheza, beringi zimechoka. Laza sahani juu ya kioo cha meza ya muuzaji, isiyumbe. Kama ni msumeno uliokwisha kutumika na kinga yake imefungwa kwa waya isishuke, usiulize hata bei.

Na wewe unayetafuta fundi, usitishwe na mashine zake nyingi. Kaa karakanani umtazame akibadilisha bledi. Akichomoa plagi au betri kwanza, mpe kazi.