"Lie" na "Lay": Kauli ya Kutendesha Iliyosahauliwa

Vitabu vya sarufi ya Kiingereza aghalabu huvitia vitenzi "lie" na "lay" katika orodha ya makosa ya kuepukwa, kisha humwachia mwanafunzi kazi ya kukariri: "lie, lay, lain" kwa kulala, "lay, laid, laid" kwa kulaza. Orodha hiyo ni sahihi, lakini haielezi kitu. Mwanafunzi huliona umbo "lay" mara mbili, kwanza likiwa wakati uliopita wa kitenzi kisoelekezi, pili likiwa wakati uliopo wa kitenzi elekezi, naye hudhani kwamba Kiingereza hakina utaratibu.

Historia yaonyesha vingine. Katika Kiingereza cha kale, "lecgan" kilikuwa kauli ya kutendesha ya "licgan". Kiambishi kilicholeta maana hiyo kilikuwa na sauti ya y, ambayo ilitoweka baada ya kuigeuza irabu ya mzizi. Jozi za "sit" na "set", "fall" na "fell", ni mabaki ya mnyambuliko huohuo.

Jambo hili si geni kwa Mswahili. "Laza" hutokana na "lala" kwa njia iliyo karibu mno na hiyo: kiambishi cha kale kimemezwa, kikaacha alama yake katika konsonanti. Ndivyo ilivyo "waka" na "washa", "ogopa" na "ogofya". Hapana Mswahili asemaye "mama amelala mtoto kitandani" akikusudia kwamba amemlaza.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Kuku hutaga, mwashi hupanga matofali, mkeka hutandikwa. Kiingereza huyabeba yote hayo kwa "lay". Tena kutendesha kwa Kiswahili kungali hai katika -ish- na -esh-, ilhali njia ile ya Kiingereza imekufa, na ndiyo maana wenyewe nao huteleza. Byron, katika Childe Harold's Pilgrimage, alitumia "lay" pahali pa "lie" mwaka 1818.

Basi mwalimu wa Kenya anayelihesabu kosa hili kuwa athari ya lugha ya kwanza amekosa shabaha. Kwa mwanafunzi azungumzaye Kiswahili, lugha hiyo ndiyo iliyokwisha kumfundisha tofauti ambayo kitabu kimeshindwa kuieleza. Aanzishwe kwa "lala" na "laza", ndipo apewe orodha. Kukariri kutabaki, lakini atajua anachokikariri.